Mzinga Si Sanduku: Kuitengeneza Upya Manowari ya Karatasi

Wapo wasomaji wa ukurasa huu ambao wamewahi kuona, katika meza za wauza vitabu vikuukuu au ndani ya masanduku ya wazee, karatasi nene zilizochapwa vipande vya rangi vyenye namba, ambavyo mtu akivikata, akavikunja na kuvigundisha kwa utaratibu, hupata nyumba, ndege au meli. Kwa watoto wetu kitu hiki ni kigeni, lakini Ulaya kazi hii ni ya zamani. Nyumba ya uchapaji ya Schreiber, mjini Esslingen huko Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1831, nayo ikapata sifa kwa karatasi za aina hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji wa bandari wa Wilhelmshaven ukajulikana kwa karatasi za meli zilizochorwa kwa uwiano wa 1 kwa 250. Huko Poland jarida la Mały Modelarz lilianza kutoka mwaka 1957, na watoto wengi wa nchi ile walijifunza kushika mkasi kwa jarida hilo. Karatasi ilikuwa rahisi kupatikana kuliko mbao na bati, basi mtoto wa fundi na mtoto wa mkubwa waliweza kuwa na manowari sawasawa.

Ninayotaka kuyaeleza leo ni namna ya kuichukua manowari ya karatasi ya zamani, ambayo imechapwa kwa ufundi wa siku zake, na kuiboresha hata ikafanana zaidi na ile ya chuma. Mfano nitakaoutumia ni wa hapa kwetu Tororo. Mjane mmoja wa askari, jirani yangu, aliniletea bahasha yenye karatasi tisa. Marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa silaha jeshini, alizinunua mjini Busia kwa mtu anayeuza vitabu vikuukuu karibu na soko la Sofia. Jalada lake lilikuwa limekwisha kupotea. Marehemu alikata karatasi mbili, akaunda sehemu ya chini ya meli, kisha maradhi yakamzuia, na baadaye mauti. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, alitaka kuimalizia kazi ya baba yake wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka. Mama yake aliniambia, "Mwalimu, wewe ulisomea kufundisha watoto kazi za mikono. Msaidie asiziharibu, maana hakuna nyingine."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nitafakari sana kabla ya kugusa wembe. Karatasi ikikatwa vibaya hairudi.

Pembeni mwa karatasi ya kwanza marehemu alikuwa ameandika kwa penseli: Königsberg, Rufiji. Askari wengi wamelisikia jina hilo. Manowari Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, miezi miwili tu kabla ya vita. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, tarehe 20, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, halafu ikajificha katika mito ya delta ya Rufiji kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Nahodha wake, Max Looff, aliagiza vyuma vilivyovunjika vipelekwe Dar es Salaam vikatengenezwe, navyo vilikokotwa nchi kavu kwa nguvu za mikono ya wapagazi wa Kiafrika, kwenda na kurudi. Waingereza waliizingira delta kwa miezi mingi. Hatimaye waliziingiza Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi ziwezazo kupita mtoni, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikawa imekwisha kazi yake. Lakini mizinga yake yote 10 ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja wao ulifungwa juu ya meli Graf von Goetzen huko Kigoma, ambayo sasa tunaiita Liemba. Mwingine unaonekana mpaka leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba fundi wa silaha wa Tororo aliipenda meli hii. Kwenye karatasi ya sita, mahali mizinga ilipochorwa, aliandika maneno matatu ambayo yaliongoza kazi yetu yote: Mzinga si sanduku.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kupima. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2. Ukigawanya kwa 250 unapata sentimeta 46 na kidogo kwa urefu, na sentimeta 5.3 kwa upana. Kijana alipima mkuku uliotengenezwa na baba yake, akapata sentimeta 47 hivi. Akadhani rula imemdanganya, akapima tena. Rula haikuwa na kosa. Königsberg ilikuwa na ndugu zake watatu wa muundo mmoja, yaani Nürnberg, Stuttgart na Stettin, nao walikuwa warefu kuliko yeye kwa mita 2 hivi, ambazo katika uwiano wetu ni milimeta 8. Kwa maneno mengine, karatasi zile zilichorwa kwa ajili ya mmoja wa ndugu, wala si kwa ajili ya meli ya Rufiji. Wapo mafundi ambao wangekata kipande katikati ya ubavu ili hesabu ikamilike. Mimi naona milimeta 8 haistahili kuchanja kazi ya marehemu, na kijana alikubali upesi. Dohani ni tatu, mizinga ni 10, na umbo ni lile lile.

Jambo la pili ni kunakili. Karatasi za zamani, hasa zile zilizotengenezwa kwa massa ya miti isiyosafishwa sana, zina asidi ndani yake, ndiyo maana hugeuka manjano na kuvunjika kwenye mkunjo kama mkate mkavu. Zetu zilikuwa zimefikia hali hiyo pembezoni. Siku hizi hakuna haja ya kuzitia hatarini. Katika Busia, pande zote mbili za mpaka, na hapa Tororo pia, kuna vibanda vya kunakilia ambavyo vina mashine ya kuchukua picha ya karatasi na kuitoa kwa rangi. Waombe watumie karatasi nzito ya gramu 160, si ile ya barua ya gramu 80. Na kabla hujalipa, weka rula juu ya nakala na juu ya asili, maana mashine nyingi hupunguza picha kidogo ili iingie kwenye ukurasa, na upungufu mdogo juu ya sitaha yenye urefu wa sentimeta 47 hukuletea sitaha isiyofika mwisho wa meli. Msichana wa kibanda alituchekea tulipotoa rula. Nakala ya kwanza ilikuwa fupi kwa milimeta 14, akaacha kucheka, akairudia bila malipo.

Asili tulizirudisha ndani ya bahasha. Tulichokata ni nakala, isipokuwa pale ambapo marehemu alikuwa amekwisha kukata.

Juu ya vifaa sitasema mengi. Wembe mpya uliofungwa kitambaa upande mmoja, mkasi mdogo, rula ya chuma, sindano butu ya kukwaruzia mistari ya kukunja, na kibano cha kushikia vitu vidogo. Nyembe zikae ndani ya kopo lenye kifuniko, na kopo likae juu ya kabati. Katika nyumba za kambini, ambamo chumba kimoja ni cha kulia, cha kusomea na cha watoto wadogo kuchezea, hili halina mjadala. Sehemu zilizokatwa ziwekwe ndani ya sahani yenye ukingo ili upepo wa mlango usizipeperushe.

Gundi yataka maelezo zaidi. Marehemu alitumia uji wa muhogo, kama tulivyotumia sote shuleni. Uji wa muhogo hushika vizuri, na mihogo haikosekani katika nchi ya Wateso na Wasamia, lakini una mambo mawili. Kwanza una maji mengi, nayo huifanya karatasi ivimbe na kujipinda inapokauka. Pili, mende na wadudu wengine waharibuo karatasi huupenda kuliko sisi tunavyoupenda. Gundi nyeupe ya maseremala ni bora, ikipakwa kwa ncha ya njiti na kwa uchache kiasi kwamba haitoki pembeni unapobana. Uji wa muhogo nauhifadhia kazi kubwa kama kubandika tabaka za karatasi, ambapo vitabu vizito hulazwa juu yake usiku kucha. Hata hivyo uji una sifa moja ambayo gundi ya dukani haina: ukiulowesha kwa mvuke, huachia.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza nyumbani kwa yule mjane. Sehemu ya chini iliyoundwa na marehemu, mkuku na mataruma yake na ngozi ya ubavu, ilikuwa imepinda kwenye omo. Ukiitazama kutoka nyuma, pua ya meli ilielekea kushoto kwa milimeta 3 hivi. Kwa kuwa iligundishwa kwa uji wa muhogo, niliweza kuilegeza kwa mvuke wa birika, kuinyoosha na kuibandika upya kwa asubuhi moja. Nilimweleza mama na mwanawe. Mama akasema bila kusita, "Mwalimu, ing'oe. Mwenyewe angeing'oa. Hakuna kitu alichokichukia kama kitu kilichopinda. Hata kitanda chetu alikipima kwa timazi." Kijana akainamisha kichwa. Kisha akasema kwamba meli ile baba yake aliishika kwa mkono wake mwenyewe, na alama ya kidole chake imo ndani ya gundi, karibu na taruma la tatu. Tukaitazama. Kweli, alama ilikuwapo.

Sikutoa uamuzi siku ile. Niliwaambia kwamba omo inaweza kungoja, kwa sababu kazi iliyo mbele yetu haikuitegemea, na tukaanza na mizinga.

Mizinga ya karatasi za zamani huchorwa kwa njia nyepesi: kisanduku kimoja cha kukunja, na kijiti cha karatasi kilichokunjwa mara mbili kama mtutu. Mtu akiwa mbali haoni kasoro. Lakini mtu aliyewahi kusafisha silaha huiona mara moja, kwa maana mtutu wa mzinga ni wa duara, nyuma mnene na mbele mwembamba, nao haukutokeza kwenye sanduku, umelala juu ya kitanda chake, na kitanda kimesimama juu ya kigingi kinachozunguka. Mizinga ya Königsberg ilikuwa ya milimeta 105, na mtutu wake ulikuwa na urefu wa mara 40 ya upana wa tundu, yaani mita 4.2. Kwa uwiano wetu huo ni urefu wa milimeta 17. Kila mmoja ulisimama peke yake nyuma ya ngao ya chuma. Miwili ilikaa sambamba mbele, miwili sambamba nyuma, na sita katikati, mitatu kila ubavu.

Kwa mtutu tulijaribu kwanza njiti ya tairi la baiskeli. Busia ni mji wa baiskeli. Jina la boda boda lilitoka kwenye mpaka huu, kwa vijana waliowavusha watu na mizigo kutoka forodha moja hadi nyingine, na njiti kuukuu hupatikana bure kwa mafundi wao. Lakini njiti ni nene mno. Milimeta 2 zake katika uwiano huu ni nusu mita, na mzinga mdogo kama huu haukuwa na shingo ya namna hiyo. Kilichofaa ni waya wa breki ya baiskeli. Ukiufumua unapata nyuzi nyembamba za chuma zilizo imara. Kata milimeta 17, nyoosha uzi huo kwa kuuviringisha chini ya rula, halafu zungushia nusu yake ya nyuma ukanda wa karatasi nyembamba, ile iliyomo ndani ya pakiti ya sigara, mizunguko mitatu. Kisha ukanda mfupi zaidi juu ya ule wa kwanza, mizunguko miwili. Unapata mtutu unaopungua kwa hatua kama ule wa kweli. Tone la gundi kwenye ncha ya mbele, likikauka, hufanya mdomo.

Kigingi ni karatasi iliyoviringishwa kama kofia ya karanga na kukatwa juu. Kitanda ni vipande viwili vidogo vyenye umbo la nusu mwezi, mtutu ukapita katikati. Ngao ikatwe kutoka kadibodi ya boksi la majani ya chai, ikunjwe kidogo pembeni, na itobolewe upenyo wa mtutu kabla ya kukunjwa, wala si baada yake. Chini ya mtutu lazwa kipande kifupi cha waya, ndiyo bomba linalopokea mrudisho wa mzinga unapofyatuka. Gurudumu la kulengea tulilifanya kwa kukata kiduara kutoka uzi mzito uliotiwa gundi na kuzungushiwa sindano. Jumla vipande tisa kwa kila mzinga, vipande 90 kwa meli nzima, na hiyo ni kazi ya jioni kumi, mzinga mmoja kwa jioni, umeme ukiwapo. Jioni ya nne kijana alinitangulia. Nilipofika nilikuta mzinga umekwisha, na ngao yake ni safi kuliko zile nilizokata mimi.

Mizinga hii ikiwa tayari, mtu hutazama sehemu nyingine za meli kwa jicho jingine, maana zilizobaki bapa zinaonekana bapa mara mbili. Dohani tatu, kwa mfano, zilichorwa kama mirija iliyofungwa juu kwa duara jeusi. Ondoa duara hilo. Paka weusi ndani ya mrija kwa masizi yaliyochanganywa na gundi, na weka wavu wa nyuzi mbili zilizokingamana karibu na mdomo. Bomba jembamba la mvuke, ambalo limechapwa tu juu ya dohani kama mstari, liwe uzi uliotiwa gundi na kunyooshwa mpaka ukakauka. Milango na madirisha ya daraja la nahodha ikatwe kutoka nakala ya pili na kubandikwa juu ya ile ya kwanza ili ijitokeze kwa unene wa karatasi moja. Hiyo ndiyo siri kubwa ya kuboresha karatasi za zamani: chapa mara mbili, na kila kilichotakiwa kujitokeza, kijitokeze. Nusu milimeta inatosha kutengeneza kivuli, na kivuli ndicho kinachomdanganya mtazamaji.

Halafu kuna kingo nyeupe. Kila mahali wembe ulipopita, unene wa karatasi huonekana mweupe kama mfupa, na hakuna kinachoifichua meli ya karatasi upesi kuliko mistari hiyo. Changanya rangi za maji za shule mpaka zifanane na kijivu kilichochapwa, na pitisha brashi karibu kavu kwenye kila ukingo kabla ya kugundisha. Watu wengi hungoja mpaka meli imalizike, wakati ambapo brashi haifiki tena. Paka kabla.

Milingoti ni chelewa za ufagio, ambazo kwa asili yake hupungua kuelekea juu, basi hazihitaji kuchongwa. Kamba za milingoti tulizichomoa katika gunia la nailoni. Nyuzi zake ni nyembamba, hazina manyoya kama uzi wa pamba, na zikisogezwa karibu na ncha ya pasi yenye moto hukaza zenyewe. Mtu mzima asimamie hapo. Reli za kandokando ya sitaha ni kazi ya subira: nyuzi mbili zimevutwa sambamba juu ya kadibodi, na nguzo fupi za uzi zimegundishwa juu yake kila milimeta 6. Tuliweka reli mbele na nyuma tu. Reli za meli nzima ni za mtu ambaye hana kazi ya kwenda asubuhi.

Tulipomaliza sitaha ilikuwa lazima tuirudie ile omo. Nilikuwa nimekwisha kufikiri sana, na jibu lilitoka Rufiji kwenyewe. Wakati wa kujificha mle deltani mabaharia waliifunika meli kwa matawi ya mikoko ili isionekane kutoka baharini wala angani, kwa maana Waingereza walileta ndege kuitafuta. Nikamwuliza kijana kama angependa meli yake iwe baharini, wazi, mawimbi chini yake, au iwe mafichoni mtoni. Ikiwa baharini, omo yake itaonekana na kila mtu, na hapo ushauri wa mama yake ni wa haki. Ikiwa mtoni, omo itaingia katika mikoko, na iliyopinda itabaki imepinda chini ya matawi, pamoja na kidole cha baba yake. Akachagua mto. Mama yake aliitazama meli kwa muda, akasema, "Sawa. Lakini mlingoti usimame wima." Mlingoti tuliusimamisha kwa timazi ya uzi na kokoto, naye mwenyewe akaja kuhakikisha.

Mto wa Rufiji ulitengenezwa kwa mifuko ya saruji. Tororo ni mji wa saruji, na ile karatasi ya kahawia ya mifuko, ikipigwapigwa nje na kuondolewa vumbi lote mbali na watoto, ni imara kuliko karatasi yoyote ya dukani. Ilowesheni, ichaneni vipande, ichanganyeni na uji wa muhogo mzito, tandazeni juu ya ubao. Ikiwa bado mbichi, chora mikondo ya maji kwa kijiko. Rangi yake ya asili ni ile ile ya maji ya Rufiji yenye tope, hata hatukuhitaji kuipaka, isipokuwa vanishi mahali pa maji ili pang'ae na ukingoni bila vanishi ili paonekane matope. Mikoko ni nyuzi za katani zilizokatwa na kutiwa rangi ya kijani na kahawia. Mizizi yake inayosimama juu ya maji kama miguu ya buibui ni nyuzi zile zile zilizotiwa gundi na kupanuliwa kwa sindano.

Kazi ilipokuwa karibu kwisha kijana aliuliza swali ambalo sikulitarajia: mbona meli haina watu? Königsberg ilikuwa na maofisa na mabaharia 322, na karatasi zile hazikuchora hata mmoja. Mtu wa kimo cha kawaida, katika uwiano wetu, ana milimeta 7. Tulikata mabaharia kumi na wawili wa karatasi, tukawakunja ili wasiwe bapa. Kisha nikamkumbusha juu ya vile vyuma vya mitambo vilivyokwenda Dar es Salaam na kurudi, na juu ya mizinga 10 iliyokokotwa kutoka matopeni baada ya meli kufa. Haikukokotwa na mabaharia hao. Katika vita ile wapagazi walichukuliwa maelfu kwa maelfu kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda, na wengi hawakurudi. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam ulipata jina lake kwa kikosi hicho. Hata kabla ya vita, meli William Mackinnon, iliyoteremshwa katika Ziwa Nyanza huko Kisumu mwaka 1900, ilifika Mombasa kutoka Skotilandi ikiwa vipande vipande, na vipande hivyo vikapandishwa bara na watu. Yeye mwenyewe kijana, bila kuambiwa, alikata watu wengine 30, akawapanga ukingoni mwa mto na kamba mabegani, na nyuma yao chuma kimoja kikubwa juu ya magogo. Wapagazi wake ni wengi kuliko mabaharia. Naona hesabu yake ni ya kweli kuliko ya mchoraji.

Kuhusu kuihifadhi: meli ya karatasi ina maadui watatu, nao ni unyevu, mwanga wa jua na wadudu. Usiiweke dirishani. Mpake vanishi isiyong'aa mara mbili, safu nyembamba, na kila safu ikauke siku nzima. Sanduku lake tulilifanya kwa vioo vya dirisha kuukuu vilivyokatwa na fundi wa vioo wa Busia, vikashikwa pembeni kwa ukanda wa kitambaa na gundi. Chini ya ubao, mahali pasipoonekana, tuliacha tundu dogo lililozibwa kwa kitambaa cha chandarua, ili hewa ipite na mende asipite. Kwa kuwa ule mkuku wa kwanza ni wa uji wa muhogo, kila mwezi sanduku hufunguliwa na kukaguliwa kwa tochi. Kazi hiyo amejichukulia mama wa kijana. Bahasha yenye karatasi tisa za asili, pamoja na maandishi ya penseli, imelazwa bapa chini ya ubao huo huo, kati ya kadibodi mbili.